Kuangalia fuwele zikikua laivu kwenye solusheni: shajara ya mradi wetu, Mwanza

Mwezi wa saba, mwishoni

Wadau habari za saa hizi. Naanza kuweka hapa maendeleo ya mradi wa klabu yetu ya sayansi, sekondari moja huku Igoma, maana kila mwanafunzi ana daftari lake na mambo mazuri yanapotea hivihivi. Tunachotaka ni kuiona fuwele ikiwa inakua ndani ya solusheni yenyewe. Ile iliyokauka kwenye slaidi usiku ukaikuta asubuhi hatuna shida nayo, kila mtu ameshaiona, sisi tunataka tuone uso unavyosogea dakika kwa dakika, tujue unaenda kwa kasi gani na kwa nini uso huu unakimbia na wa pembeni yake umelala.

Kazi hii ni ya siku nyingi sana. Mwaka 1744 Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, ilimpa Henry Baker medali ya Copley kwa kuchunguza na maikroskopu namna chumvi za aina aina zinavyojipanga zikitoka kwenye maji. Yeye hakuwa na taa ya umeme wala kamera. Sisi tuna maikroskopu ya kawaida ya shule yenye lenzi za kukuza mara 4, 10 na 40, tuna taa ya LED, tuna simu ya kupigia picha, kwa hiyo vifaa vya kuanzia vipo.

Vitu vya kukuzia fuwele navyo vipo mtaani. Shabu ya mabonge ipo sokoni, mrututu (kopa salfeti) upo maduka ya pembejeo, chumvi ya mezani, na magnesiamu salfeti ile chumvi ya kuharisha ya famasi. Kwenye shabu muwe makini, kuna unga mweupe wa kutulizia tope kwenye maji ya ziwa unauzwa kwa jina hilohilo ila ni aluminiamu salfeti, huo hauwezi kukupa zile fuwele za nyuso nane. Chukueni bonge linalong'aa kama kioo. Maji tunatumia yale ya distili wanayoongezea kwenye betri za gari (maji, sio asidi jamani, someni chupa), na kila solusheni inachujwa kwenye pamba ikiwa ya moto kwa sababu kila kijivumbi ni mahali pa fuwele nyingine kuanzia na mwisho unajikuta na uchafu wa vifuwele mia badala ya kimoja kizuri.

Wiki iliyofuata: kijichumba cha kioo

Tone la wazi kwenye slaidi halifai kwa kazi yetu. Upepo wa ziwa ukiingia dirishani tone linakauka pembeni kwanza, fuwele zinajaa ukingoni zote zinagombania, na katikati hujui solusheni imeshiba kiasi gani. Kwa hiyo tumejenga kijichumba, slaidi moja chini, juu kava slipu (kile kioo chembamba cha kufunikia), katikati vipande vya kioo chembamba kama milimita moja, pembeni tumeziba na silikoni tukaacha tundu dogo la kuingizia solusheni na mbegu, yaani kifuwele cha kuanzia. Fundi vioo wa Mabatini alivikata vile vipande akiwa anacheka, "madam hivi vidogo namna hii vya dirisha la nani?" ila akavikata vizuri sana, kingo zimenyooka.

Chini ya kijichumba kuna kingine cha kupitisha maji ya kurekebisha joto. Ndoo ya maji ya vuguvugu iko juu ya kabati, inashuka kwa mpira wa dripu wa famasi, kile kigurudumu cha kubania dripu ndio koki yetu, maji yanapita chini ya solusheni yanaishia kwenye beseni. Waya wa kipimajoto cha dijitali umebanwa pembeni kabisa ya kioo. Koki ikifunguliwa kidogo tu joto linasogea pole pole na likifika linakaa, na hilo ndilo tulilokuwa tunalitaka.

Joto ndio kila kitu kwenye shabu. Maji ya moto yanabeba shabu nyingi mno kuliko ya baridi, kwa hiyo ukipoza solusheni iliyoshiba kwa digrii mbili tatu inabaki imebeba zaidi ya uwezo wake, na hiyo ziada ndio fuwele inakula. Chumvi ya mezani haiko hivyo, gramu 36 hivi kwa gramu 100 za maji kwenye joto la kawaida na hata ukichemsha inaongezeka kidogo sana, kwa hiyo chumvi unaikuza kwa kukausha maji, sio kwa kupoza. Hii tofauti wanafunzi waliielewa siku hiyo hiyo kwa macho kuliko jedwali lolote nililowahi kuandika ubaoni.

Taa ya zamani ya balbu tumeitoa kabisa. Inapasha solusheni, na kwenye darasa letu ambalo saa sita mchana joto limeshapanda lenyewe, unaweza kukuta fuwele uliyoiacha inakua asubuhi sasa inayeyuka. LED ya pawabenki haina hiyo shida, na umeme ukikatika kazi inaendelea.

Kutafuta joto la kushiba

Hapa nakaa kidogo maana naona ndio hatua watu wanairuka. Huwezi kusema fuwele inakua kwa kasi fulani kama hujui solusheni yako inashiba kwenye joto gani hasa, na kupima uzito wa chumvi kwa mizani ya shule hakutoshi. Njia yetu ni fuwele yenyewe iseme. Weka mbegu ndogo ya shabu, lenzi ya 10, angalia pembe moja tu, usiangalie kitu kingine. Solusheni ikiwa na ziada pembe inakuwa kali, inachongoka. Pasha kidogo kidogo. Kuna mahali pembe inaanza kuwa butu, inakuwa mviringo, kwa sababu fuwele ikiyeyuka inaanza kuliwa kwenye pembe na kingo. Poza tena kidogo, pembe inarudi kuwa kali. Katikati ya hizo mbili ndio joto la kushiba, na ukienda taratibu unalipata kwa sehemu ya digrii.

Binti mmoja wa fom thrii ndiye mwenye jicho la hii kazi. Anasema "madam bado… bado… imeanza," na mwenzake anasoma kipimajoto, tukirudia wanapata palepale. Hicho ni kipimo halisi kabisa, kinatumika maabara kubwa pia.

Kwa vipimo vya urefu tumeazima kioo cha kuhesabia seli za damu kwa rafiki wa maabara. Viboksi vidogo kabisa vya katikati vina upande wa mikroni 50 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), unavipiga picha kwa lenzi ileile na simu ileile bila kubadilisha zumu, halafu kwenye ImageJ (programu ya bure) unajua pikseli moja ni mikroni ngapi. Simu ifungwe fokasi na mwanga, isijirekebishe yenyewe, picha moja kila sekunde kumi.

Polaraiza kutoka kwa fundi TV

Nilipita Mlango Mmoja kwa mzee mmoja fundi TV.

"Shikamoo mzee."
"Marahaba mwalimu, TV imegoma?"
"Hapana, natafuta skrini iliyokufa, ile nailoni iliyobandikwa kwenye kioo."
"Hiyo tu? Chukua hata tatu."

Skrini ya LCD ina nailoni mbili za polaraiza, mbele na nyuma, kila moja inapitisha mwanga unaotetemeka kwa mwelekeo mmoja tu. Ya mbele mara nyingi ina ukwaruzo wa kuzuia mng'ao, kwa hiyo bandueni ya nyuma, ni safi zaidi. Gundi inatoka na spiriti ukiwa na subira. Kipande kimoja kimekaa chini ya kondensa (lenzi ya chini inayokusanya mwanga kuelekea slaidi), kingine tumekikata duara tukakiweka ndani ya bomba chini ya lenzi ya jicho, ukizungusha mpaka zipishane kila kitu kinakuwa giza.

Tukaweka magnesiamu salfeti. Jamani. Sindano zinatokea kwenye giza zinang'aa, kwanza kijivu, halafu nyeupe, njano, nyekundu inayoelekea zambarau, bluu, na rangi zinabadilika huku sindano inanenepa mbele ya macho yako. Rangi hizo ni kipimo cha unene. Fuwele hii ina viwango tofauti vya kupinda mwanga kulingana na mwelekeo, tofauti inafika 0.028, kwa hiyo sindano iliyolala upande unaoonyesha tofauti yote ikifika ile nyekundu ya zambarau ya kwanza unene wake ni kama mikroni 20. Chati ya rangi hizi Michel-Lévy wa Ufaransa aliitoa mwaka 1888 na watu wa mawe wanaitumia hadi leo.

Kisha tukaweka shabu, giza. Tukaizungusha, giza. "Madam mbona imezima?" Haijazima, shabu na chumvi ya mezani ni za mfumo wa kyubiki, mwanga unapita sawa pande zote, polaraiza haina cha kuonyesha. Ila tuligundua kitu cha faida: fuwele moja ya shabu ilikuwa na mawingu hafifu ya mwanga ndani, na hiyo ni dalili kwamba ina mkazo ndani yake, haikukua vizuri. Sasa kila mbegu tunaipitisha kwenye polaraiza kwanza, yenye mawingu tunaiweka pembeni.

Kuhusu mrututu, unapendeza sana kwenye polaraiza, ila ile shaba ni sumu kwa samaki na konokono, kuna wakati ilitumika kuua konokono wa kichocho. Maji ya mrututu hayamwagwi kwenye mtaro unaoelekea ziwani. Tunayakausha kwenye beseni juani, fuwele zinarudi kwenye chupa, na tunazitumia upya.

Mwezi wa nane: mwanga wa pembeni

Sasa swali ambalo kila mgeni wa klabu anauliza, kwa nini hatutumii lenzi ya 40 tuone vizuri zaidi. Lenzi ya 10 kwa mwanga wa kijani inatenganisha vitu vilivyo mbali kama mikroni 1.3, ya 40 inafika karibu nusu mikroni, ila ya 40 lazima isogee mpaka nusu milimita kutoka kwenye kioo, haifikii fuwele iliyo chini kijichumbani. Na hata ingefika, ngazi moja ya molekuli kwenye uso wa shabu ina kimo chini ya nanomita moja, na nanomita ni sehemu ya elfu ya mikroni. Ukuzaji wa lenzi hauwezi kumaliza hiyo tofauti. Kinachoweza ni mwanga, namna unavyouingiza na namna unavyoutoa, kwa sababu kimo kidogo sana kinachelewesha wimbi la mwanga kidogo, na ucheleweshaji huo unaweza kugeuzwa kuwa weusi na weupe. Frits Zernike alipata Nobeli mwaka 1953 kwa wazo hilo, Georges Nomarski akaja na njia yake inayoonyesha miinuko kama ina kivuli, na mwaka 2010 kundi la Gen Sazaki kule Hokkaido, Japani, lilionyesha ngazi za barafu zenye kimo cha nanomita 0.37 kwa maikroskopu ya mwanga. Mwanga wa kawaida unaoonekana! Nawaambia wanafunzi wangu hilo kila wiki.

Lenzi za Zernike hatuna. Tulichofanya ni kukata karatasi nyeusi na kuziba nusu ya kondensa ili mwanga uingie kwa pembeni tu. Ni kama barabara ya vumbi jioni, jua likiwa chini kila kijimwinuko kinatoa kivuli ambacho mchana hukioni. Uso wa shabu uliokuwa mtupu kabisa ukawa na mistari, na mistari inatembea. Inaanza sehemu moja karibu na katikati ya uso, inatanuka kwenda kingoni, nyingine inafuata nyuma yake.

Hizo sio ngazi mojamoja, ni ngazi nyingi zilizobebana mpaka zikawa nene za kutosha kuonekana. Ila kuanza kwake katikati ndiko kunakostahili kufikiriwa. Pembe za fuwele ndizo zimechomoza kwenye solusheni yenye ziada zaidi, ungetegemea tabaka mpya zianzie huko. Watafiti Bunn na Emmett waliandika jambo hilohilo mwaka 1949, walikuwa wanaangalia fuwele zinazokua kwenye solusheni kwa maikroskopu na wakakuta tabaka mara nyingi zinaanzia katikati ya uso. Mwaka huohuo mwanafizikia Frank akatoa maelezo ya kasoro ya mpangilio inayoacha ngazi isiyoisha, kila ikikua inajizungusha tu, kwa hiyo uso hauhitaji kuanzisha tabaka jipya kutoka sifuri. Mwaka 1951 yeye na Burton na Cabrera wakaliweka kwenye hesabu kamili. Sisi mzunguko wenyewe hatujauona, tunaona mawimbi yanayotoka kwenye kitovu kimoja, na vitovu hivyo havihami, ukipoza na kupasha kidogo vinabaki palepale. Tumeviwekea alama kwenye picha.

Kulaza maikroskopu

Kijana mmoja aliuliza kwa nini uso wa juu wa fuwele unakua tofauti na wa pembeni wakati solusheni ni moja. Nikamwambia tuilaze maikroskopu chali juu ya meza, tukaifunga na mpira wa tyubu ya baiskeli, kijichumba kikasimama wima, karatasi nyeusi tukaisogeza ikawa inakata mwanga karibu wote, ukingo wake umenyooka.

Juu ya fuwele kukatokea kijito chembamba kinachopanda, kinayumba kidogo, hakikatiki. Ile solusheni iliyogusa fuwele imeshanyang'anywa shabu yake, imekuwa nyepesi, inapanda, na mpya inaingia kutoka pembeni. Kwa hiyo kila uso una chakula chake tofauti. Ndio maana watu wamepeleka fuwele angani, mwaka 1985 kwenye Spacelab 3, maabara iliyobebwa na chombo cha angani, zilikuzwa fuwele kutoka kwenye solusheni huku zinapigwa picha za hologramu, kule ambako kijito hiki hakipati uzito wa kukipandisha.

Baada ya hapo tumetengeneza kijichumba kingine chembamba zaidi. Kijito kimekufa, ila ukuaji umepungua sana kwa sababu sasa shabu inafika kwa kusambaa yenyewe tu, na kusambaa kwa umbali wa milimita moja kunachukua dakika kadhaa. Kwa hiyo vyote viwili vinabaki, chembamba cha kupimia kwa utulivu, kinene cha kuonyeshea.

Mwezi wa tisa: mistari ya kijani

Hii ndio hatua tuliyopo. Lenzi ya 4 ina nafasi kubwa chini yake, tumeweka kava slipu imeinama digrii 45 kati ya lenzi na kijichumba, LED ya kijani inapiga kutoka ubavuni, mwanga unashuka, unarudi juu. Fuwele ya shabu imelazwa uso wake ukiwa karibu sana na kioo cha juu, katikati kuna utando tu wa solusheni. Mwanga unaorudi kutoka kwenye kioo na unaorudi kutoka kwenye uso wa fuwele unakutana, na mistari inatokea.

Ni hafifu. Kioo na solusheni vinarudisha sehemu ndogo ya asilimia moja, fuwele inarudisha ndogo zaidi, ila kwa kuwa zote mbili ni ndogo kwa kiwango kinachokaribiana mistari inapatikana, shida kubwa ni mng'ao wa uso wa juu wa kioo unaofunika kila kitu. Tunapiga picha ya mahali pasipo na fuwele, tunaitoa kwenye nyingine kwa ImageJ, mistari inabaki.

Mstari mmoja ukihamia mahali pa mwenzake, uso umepanda karibu nanomita 200 (urefu wa wimbi la kijani, kama 525, gawa kwa mbili, gawa tena kwa 1.34, kipimo cha solusheni kupinda mwanga). Kwa mfano mstari ukichukua sekunde 20 kuhama, uso unapanda nanomita 10 kwa sekunde, ambayo ni tabaka zaidi ya kumi za molekuli kila sekunde. Kwa kuangalia tu ukingo wa fuwele ukisogea kwa lenzi ya 10 ungesubiri zaidi ya dakika mbili kabla hujaona kama kuna kilichosogea.

Wanafunzi wanahesabu mistari kwa sauti na saa ya simu. Tukipoza nusu digrii mistari inaongeza mwendo baada ya muda mfupi, tukipasha inapunguza, ikifika joto la kushiba inasimama, na joto hilo linakubaliana na lile la pembe butu tulilolipata mwezi wa nane. Njia mbili tofauti kabisa, jibu moja. Nilifurahi sana kwa hili, nikawapigia makofi darasa zima.

Kinachofuata ni kukusanya kasi kwenye viwango tofauti vya ziada, mbegu ileile, kitovu kilekile, ili tuone kama mchoro unapanda moja kwa moja au unapinda ukiwa karibu na kushiba kama nadharia ya 1951 inavyosema. Tunahitaji pia kuua ule mng'ao wa juu, nafikiria kuweka tone la maji kati ya kioo na dirisha dogo lililoinamishwa ili mng'ao uende pembeni. Mwenye kipande cha kioo kinachogawa mwanga nusu kwa nusu, hata kilichotolewa kwenye projekta iliyokufa, tunakihitaji, na mwenye lenzi ya Zernike ya 10 isiyotumika aje Igoma Jumamosi yoyote tuiangalie pamoja.